Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya, TAMISEMI na Fedha: sahani hupakuliwa kabla hatujakaa mezani

Waheshimiwa Mawaziri,

Ninawaandikia mimi mwalimu mstaafu wa sekondari, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, ninayeishi na kisukari tangu 2013 na presha tangu miaka miwili baadaye. Sina cheo chochote katika mambo ya afya. Ninachokijua nimekipata katika mabenchi ya kliniki ya sukari, ambako kila mwezi ninakaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na tumbo tupu, pamoja na madereva wa daladala, mafundi cherehani, wauza samaki na wastaafu wenzangu, na kingine nimekipata katika kusoma, kazi ambayo mwalimu hastaafu. Nimeona niandike hadharani kwa sababu jambo lenyewe, yaani chakula na mitaa inayotuletea kisukari na presha, halimo mikononi mwa Wizara ya Afya peke yake, na barua inayopelekwa kwenye wizara moja mara nyingi hujibiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa na wizara nyingine.

Kliniki huanza kwa somo, na somo huwa ni lile lile. Muuguzi, mwenye wagonjwa wengi na muda mchache, husimama mbele yetu akatuambia tupunguze wanga, tuache soda, tupunguze chumvi na mafuta, tule mboga kwa wingi na matunda kwa kiasi, na tutembee walau nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Hakuna neno la uongo hapo. Hizo dakika 150 kwa wiki ndizo Shirika la Afya Duniani linazozitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kiwango cha ugonjwa, ulionyesha kwamba waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi kwa kiasi hicho walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa vidonge vya metfomini, dawa ya kisukari, waliupunguza kwa asilimia 31. Miguu ilivishinda vidonge. Kwa hiyo sina ugomvi na somo la muuguzi. Tatizo ni kwamba somo hilo hukomea getini.

Tukishapimwa na kuchukua dawa, tukiwa na njaa ya tangu jana usiku, tunavuka barabara kwenda kwa mama lishe. Siku moja mwaka jana niliamua kulitekeleza somo pale pale. Nikamwambia, "Mama, leo nipunguzie wali, uniongezee mchicha." Akanitazama, akacheka, kisha akanionyesha masufuria yake kwa mwiko. "Mwalimu, wali huu sufuria zima, kula utakavyo. Mchicha ndio wa kupimia. Nikikupa wewe mchicha wa watu wanne, hao watatu niwape nini?" Nilimwomba anifafanulie, na maelezo yake yalinifunza kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kupewa. Gunia la mchele linakaa hata wiki tatu bila kuharibika, lakini mchicha ukinunuliwa alfajiri hunyauka kabla ya adhuhuri, na yeye hana mahali pa kuuhifadhi. Wateja wake wakubwa ni wabeba mizigo, ambao hupima chakula kwa namna kinavyokaa tumboni hadi jioni. Akipunguza wali wanahamia kibanda cha pili. Mboga ya majani, kama anavyoiita mwenyewe, ni "ya kupamba sahani". Mafuta ananunua ya kupimiwa kwenye vichupa, na yaliyobaki kwenye karai la maandazi hayamwagwi, yanangoja kesho. Pembeni yake kuna friji moja tu, lililopakwa rangi za soda, na humo ndani maji ya kunywa yamesukumwa chini nyuma ya chupa za soda.

Nililipa 2,500 kwa sahani ya kawaida na 1,000 zaidi kwa kijiko cha pili cha mchicha. Sikumlaumu, wala sitaki yeyote atakayesoma barua hii amlaumu mama huyu, kwa maana anafanya hesabu sahihi kwa bei anazozikuta sokoni. Ninachotaka mkione ni kwamba sahani ile ilikuwa imeshapakuliwa kabla mimi sijakaa. Iliamuliwa na bei ya mboga, na mafuta yanayoruhusiwa kuingia nchini, na ushuru wa soda, na ukubwa wa soko la mtaa, yaani na mambo ambayo kila moja lina ofisi yake na ofisa wake. Mimi niliachiwa kuchagua kati ya maharage na samaki.

Naomba nieleze kidogo kwa nini sahani hiyo inatudhuru, kwa sababu nimesikia hata viongozi wakisema kisukari ni ugonjwa wa kula sukari. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, pumba na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini; kinachobaki ni wanga mweupe ambao tumbo huugeuza kuwa sukari ya damu kwa haraka. Mchele mweupe una tabia hiyo hiyo. Kongosho hulazimika kila mlo kumwaga insulini nyingi, kichocheo kinachoiondoa sukari kwenye damu, na mtu anapoongezeka mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na matumbo, mwili huanza kuikaidi insulini hiyo, hadi siku inafika kongosho linachoka. Mtu huyo huyo huwa tayari lehemu mbaya (kolesteroli) imepanda, presha imepanda, na mishipa ya moyo imeanza kuziba bila yeye kuhisi chochote. Ndiyo maana pale kliniki ni nadra kumkuta mwenye sukari peke yake. Haya ninayoyasema ni ya aina ya pili ya kisukari, iliyo ya wengi. Watoto wenye aina ya kwanza hawakula chochote kibaya, na wazazi wao wameumizwa vya kutosha na maneno ya majirani.

Juu ya sahani hiyo tunaweka soda. Chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na linasema ingefaa zaidi ibaki nusu ya hapo. Chupa moja imeshakipita kiwango hicho cha pili, kabla ya chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu na kabla ya andazi.

Waheshimiwa, haikuwa hivi siku zote, na jambo hili lina ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha kazi ya Profesa Donald McLarty, Profesa Andrew Swai na wenzao, waliopima maelfu ya watu katika vijiji sita vya Tanzania na kukuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja katika mia. Mwaka 2012 nchi yetu ilipofanya uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64, waliokutwa na sukari ya kiwango cha ugonjwa walikuwa asilimia 9.1, na wenye shinikizo la juu la damu asilimia 25.9. Najua vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa, kwani umri na maeneo vinatofautiana, na mwalimu wa hisabati angenikemea nikivigawanya. Hata hivyo mwelekeo wake hauhitaji kikokotoo. Katika uchunguzi huo huo wa 2012, zaidi ya watu 9 katika 10 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Takwimu za uzito wa wanawake zinakwenda njia hiyo hiyo: wenye uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 18 mwaka 2004-05, asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015-16.

Kuna utafiti mmoja ambao ningetamani usomwe katika kikao cha Baraza la Mawaziri. Watafiti waliwafuata vijana na watu wazima 209 waliokuwa wanahama kutoka vijijini mkoani Morogoro kuja kuishi Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka na kuwapima tena baada ya mwaka mmoja mjini. Matokeo yalichapishwa 2010. Kule kijijini karibu wanaume 8 katika 10 walikuwa wakifanya kazi nzito za kutoa jasho. Baada ya miezi kumi na miwili ya Dar es Salaam walibaki chini ya 3 katika 10. Wanaume kwa wanawake waliongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili. Nyama nyekundu iliongezeka kwenye milo yao, ingawa, na hili halisemwi mara nyingi, hata matunda na mboga waliongeza. Sasa niulize: hao watu 209 walikuwa walafi kijijini? Walikuwa wavivu? Walipanda basi wakiwa watu wale wale, na baada ya mwaka mmoja miili yao ikawa mingine. Ukiyaita hayo "tabia bwete", yaani kukaa bila kuushughulisha mwili, utakuwa umempa jina mtu kwa kosa la mtaa.

Sisemi kwamba sisi wenyewe hatuna midomo. Nilikula vibaya miaka ishirini nikijua, na nilifurahi wenzangu wa ofisi ya walimu waliponisifia kitambi kwamba mambo yangu mazuri. Bado tunamwambia bibi harusi aliyenenepa kwamba ndoa imemkubali, na mtu akipungua tunaanza kumnong'ona. Tuna kazi ya kufanya majumbani mwetu na hatuwaombi mje kutufanyia. Lakini kwa upande wenu, tangu nianze kliniki nimeona mambo mazuri yakitangazwa na machache yakifika mtaani kwetu.

Mwishoni mwa 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alielekeza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Tulishiriki, na vikundi vya joging vya Temeke bado vinakimbia Jumapili alfajiri vikiimba, raha kuwaona. Novemba 14, 2019, Siku ya Kisukari Duniani, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua jijini Dodoma Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Sina nia ya kuyadharau hayo. Ila mwili hautaki Jumamosi moja kwa mwezi, unataka kila siku, na kila siku maana yake ni njia ya kupita. Barabara ya Kilwa imepanuliwa kwa ajili ya mwendokasi na imewekewa njia za waenda kwa miguu, nami nashukuru. Ingia hatua mia moja ndani ya mitaa ukaone. Nyumbani kwangu hadi kituoni ni kilomita moja na nusu: sehemu ya kwanza nagawana na bodaboda na mtaro ulio wazi, ya pili nagawana na meza za biashara, na mvua ikinyesha hakuna ya tatu. Mke wangu, ambaye naye daktari amemtaka atembee, hawezi kutoka saa kumi na moja alfajiri kwa kuhofia vibaka, na saa moja jua limeshaanza na magari yamejaa. Kiwanja ambacho wanafunzi wangu walichezea mpira kimekuwa maegesho ya malori. (Msije mkasikia "meza za biashara" mkatuma mgambo. Wamachinga wanakula kwa meza hizo, na mitaa ikipangwa vizuri kuna nafasi ya meza na ya miguu.)

Hapa ndipo ninapowageukia wakurugenzi wa halmashauri kupitia kwa Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI. Barabara ya mtaa inapochongwa, njia ya miguu na mfuniko wa mtaro viwe ndani ya mkataba, visiwe pambo la awamu ijayo. Viwanja vya wazi vilivyobaki vipimwe, viwekewe mipaka na majina yake yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa ili tujue kipi ni chetu. Na soko la mtaa lenye kivuli, maji na chumba kimoja cha ubaridi lingemsaidia mama lishe wangu mchicha ufike jioni, jambo ambalo hakuna semina itakayoliweza.

Nimetaja semina, na sina budi kusimulia moja. Miaka michache iliyopita nilialikwa kama mwakilishi wa wagonjwa katika kikao cha siku mbili kuhusu lishe na magonjwa yasiyoambukiza. Ofisi iliyokiandaa sitaitaja. Saa nne tulipewa mapumziko. Mezani palikuwa na soda kwa kreti, sambusa, maandazi, biskuti, na chai iliyokwisha kutiwa sukari ndani ya chupa. Niliomba maji, nikaambiwa yatakuja mchana. Mtoa mada aliyetoka kutuonyesha picha za miguu iliyokatwa alikuwa mbele yangu kwenye foleni, na nilimwona akisita, kisha akachukua soda, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Simcheki. Alikuwa daktari bingwa, na sahani yake nayo ilikuwa imeshapakuliwa na mtu wa manunuzi. Waraka mmoja wa kuondoa soda katika vikao vya Serikali, katika kantini za hospitali na katika vibanda vilivyo ndani ya uzio wa shule hauhitaji bajeti wala mfadhili. Ungeokoa hata fedha.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha nina ombi moja. Vinywaji baridi vinatozwa ushuru wa bidhaa kwa lita. Ukitoza kwa lita, mwenye kiwanda hana sababu ya kupunguza sukari, maana kijiko kimoja na vijiko tisa vinalipa sawa. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 wanatoza kwa gramu ya sukari inayozidi gramu 4 kwa kila mililita 100, na viwanda vyao vilipunguza sukari katika vinywaji vyenyewe, bila kumsubiri mnywaji abadili tabia. Najua sukari ni jambo zito katika siasa zetu. Ilipoadimika mwaka 2024 Bunge lilichemka kwa siku kadhaa, na sijawahi kusikia Bunge likichemka kwa ajili ya mchicha. Lakini fedha itakayopatikana iwekewe fungu lake, iende kwenye stripu za kupimia sukari na dawa za presha katika zahanati. Mgonjwa asiyejua kipimo chake anajitibu kwa kubahatisha, na mwenzangu mmoja wa kliniki hupima mara moja kwa wiki, siku anayouza vizuri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mfuko utakaolipia usafishaji wa figo, upasuaji wa moyo na miguu ya bandia kwa watu ambao wangeweza kuzuiwa wasifike huko utaelemewa, na hesabu hiyo ninaiacha kwa wataalamu wako.

Kuhusu mafuta ya kupikia, naomba mtazame jirani yetu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1987 Serikali ya Mauritius iliona watu wake wakifa kwa moyo, ikabadilisha mchanganyiko wa mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa yakitumiwa na karibu kila nyumba: mawese yakapunguzwa, ya soya yakaongezwa. Hakuna aliyefundishwa kupika upya. Kufikia 1992 wastani wa lehemu katika damu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita, na mabadiliko ya mafuta hayo yalikuwa na mchango mkubwa. Niwe mkweli: kisukari hakikushuka kule, kiliendelea kupanda, kwa hiyo mafuta peke yake si mwarobaini. Lakini sisi tuna alizeti ya Singida na Dodoma, tumeimba kilimo chake miaka yote, na bado mama lishe wangu anakaanga kwa kinachopatikana kwa bei ndogo, ambacho hakijui kimetoka wapi. Kama ruzuku ipo ya mbegu, itafutwe na njia ya kuishusha bei ya chupa ndogo dukani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nchi ambayo watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kama ulivyoonyesha utafiti wa 2022, haina nafasi ya kuhangaikia vitambi. Nimefundisha watoto hao. Mara nyingi mtoto aliyedumaa na mama mwenye presha wanakula sufuria moja: ugali mwingi wa sembe, mboga kidogo, maharage siku za bahati. Njaa ya mtoto na unene wa mama vimetoka jiko moja, na mboga, dagaa na kunde zikishuka bei zinawasaidia wote wawili.

Siku yangu ya kliniki ni Jumanne ya kwanza ya mwezi. Ninamkaribisha yeyote kati yenu, bila msafara na bila kamera, afike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi akiwa hajanywa chai, akae nasi benchini asikilize somo la muuguzi hadi mwisho, kisha tuvuke barabara pamoja tukaagize chakula. Nitalipa mimi, pamoja na ile elfu moja ya mchicha.

Wenu katika kulitumikia Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam